Paulo Aliyeandika Warumi 13 Ndiye Aliyekata Rufaa

(Mada niliyoiwasilisha kwenye semina ya vijana wa chama. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimetoa tu vicheko na maswali ya katikati.)

   

Nimepewa dakika arobaini na mada ambayo Katibu alinipa kwa simu kwa sentensi moja tu: "Mdogo wangu, njoo utuambie kama Mkristo anaruhusiwa kuwa mpinzani." Nikamwambia kaka, mimi nasoma sheria, sisomi theolojia. Akasema ndiyo maana tumekuita wewe, wachungaji tumeshawasikia.

Ndugu zetu Waislamu mliopo humu, msitoke kwenda kunywa chai. Katiba nitakayoizungumzia ni ya wote, na swali la mtu wa imani kumtii mtawala mnalo na nyinyi. Mimi leo nalijibu kwa upande ninaoufahamu.

Nianze na kwa nini jambo hili lina uzito. Mama yangu ni mwanakwaya, tena wa sauti ya kwanza. Siku aliposikia nimechukua kadi ya chama hakubishana na mimi kuhusu sera, wala hakuniuliza ilani inasemaje. Alinitumia Warumi 13 kwenye WhatsApp, bila hata "hujambo mwanangu". Najua wengi wenu mmetumiwa huo mstari. Mmetumiwa na shangazi, na mzee wa kanisa, wengine na mchumba. Na namfahamu kijana mwenzetu aliyeachia uongozi wa tawi kwa sababu ya mstari huo, na namfahamu mwingine aliyeacha kwenda kanisani kwa sababu ya mstari huohuo. Wa kwanza aliona dini imemkataza siasa, wa pili akaona akitaka siasa lazima aache dini. Kwa maoni yangu wote wawili walisomewa nusu ya habari.

Leo tuisome habari nzima.

Mstari wenyewe

Kwanza, tusiukimbie. Kuna vijana wetu wakisomewa Warumi 13 wanaruka haraka kwenda kwenye mstari wanaoupenda wao. Huko ni kujibu hoja kwa kuikwepa, na ukifanya hivyo mahakamani hakimu atakurudisha tu palepale. Mtume Paulo anasema nini? Anasema kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu, kwa sababu hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Anasema anayeshindana na mamlaka anashindana na agizo la Mungu. Anasema mtawala ni mtumishi wa Mungu, yupo kwa ajili ya mema yako, na upanga hauchukui bure. Anamaliza kwa kusema lipeni kodi, na mheshimuni anayestahili heshima. Haya yameandikwa na hatuyafuti.

Na mazingira yake yanaufanya mstari uwe mgumu zaidi. Wataalamu wa Biblia wanakadiria kwamba barua hii iliandikwa karibu na mwaka 57. Wakati huo Roma ilikuwa chini ya Kaisari Nero, aliyeanza kutawala mwaka 54. Hakukuwa na uchaguzi wala chama cha upinzani. Wakristo walikuwa kikundi kidogo kinachokutana majumbani. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba Paulo aliandika hivyo kwa sababu serikali ya wakati wake ilikuwa nzuri.

Lakini jamani, ukishasoma mstari, msome na aliyeuandika. Sisi kwenye sheria tunafundishwa hivyo: ukitaka kujua mtu alikuwa na maana gani alipoandika mkataba, angalia aliutekelezaje. Paulo aliutekelezaje utii wake?

Nendeni Matendo sura ya 16. Paulo na Sila wako Filipi. Wamechapwa viboko hadharani na kutupwa gerezani bila kesi. Asubuhi mahakimu wanatuma maaskari, wanasema waachieni hao waende zao. Wewe ungefanyaje? Wengi tungeshukuru Mungu na kuondoka mbio. Paulo akakataa. Akasema sisi ni raia wa Rumi, tumepigwa mbele ya watu bila kuhukumiwa, halafu mnataka kututoa kwa siri? Waje wenyewe watutoe. Na mahakimu waliposikia neno "raia" wakaogopa, wakaja wenyewe, wakawasihi.

Nendeni sura ya 22. Paulo amefungwa kamba Yerusalemu, anasubiri mijeledi. Anamgeukia akida aliyesimama pale na kumuuliza swali la sheria: hivi mnaruhusiwa kumpiga raia wa Rumi ambaye hajahukumiwa? Swali moja tu, na kipigo kikaishia hapohapo.

Nendeni sura ya 25. Liwali Festo anataka kuwapendeza wakubwa wa Wayahudi, anamuuliza Paulo kama yuko tayari kwenda kuhukumiwa Yerusalemu. Paulo anajua njiani kuna watu wameapa kumuua. Anasema nasimama mbele ya kiti cha hukumu cha Kaisari, hapo ndipo ninapostahili kuhukumiwa. Kama nimetenda la kustahili kifo sikatai kufa, lakini kama sivyo hakuna mtu anayeweza kunitoa kwa hawa. Halafu akakata rufaa kwa Kaisari.

Mnamwona mtu huyu? Ndiye yuleyule aliyeandika Warumi 13, na matukio hayo mawili ya mwisho yalitokea baada ya barua hiyo kuandikwa. Hakutoroka gerezani, hakuwatukania maaskari wazazi wao, na hakukataa kuhukumiwa. Lakini pia hakunyamaza. Aliikumbusha mamlaka sheria yake yenyewe, mbele ya watu, na kuitaka iifuate. Kwa hiyo mtu akikwambia Warumi 13 maana yake ni kunyamaza, mwambie kwa adabu kwamba mwandishi wake hakuielewa hivyo.

Mamlaka iliyo kuu ni ipi?

Sasa nije kwenye uwanja wangu. Paulo anasema tiini mamlaka iliyo kuu. Sawa. Kwa Tanzania, mamlaka iliyo kuu ni ipi?

Roma ya Nero jibu lilikuwa rahisi, ni mtu mmoja na majeshi yake. Kwetu si hivyo. Chukueni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayokwenda kinyume na Katiba ni batili. Na ibara ya 26 ndiyo naomba kila mmoja wenu aikariri kama anavyokariri namba yake ya simu. Sehemu ya kwanza inampa kila mtu wajibu wa kutii Katiba na sheria za nchi. Sehemu ya pili inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba hiyo na sheria hizo.

Angalieni vizuri. Wajibu wa kutii na haki ya kushtaki vimewekwa ndani ya ibara moja. Waandishi wa Katiba yetu hawakuona kwamba ni vitu viwili vinavyogombana.

Maana yake ni kwamba mkuu wa wilaya naye yuko chini ya mamlaka iliyo kuu. OCD yuko chini yake, waziri yuko chini yake, Rais aliapa kuilinda. Kiongozi akitoa amri iliyo nje ya sheria, halafu raia akasimama na Katiba mkononi akasema hapana, ukiwauliza kwa lugha ya Paulo ni nani hapo anayeshindana na mamlaka, jibu linaweza kukushangaza.

Niwape mfano mnaoujua. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba vyama visifanye mikutano ya hadhara, isipokuwa wabunge na madiwani kwenye maeneo yao. Zuio hilo lilikaa mpaka tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kuliondoa. Katika miaka yote hiyo Bunge halikutunga sheria inayosema chama cha siasa hakina haki ya mkutano. Sheria ya Vyama vya Siasa iliendelea kusema chama kitoe taarifa polisi saa 48 kabla na kifanye mkutano wake. Lilikuwa tangazo. Lakini ni makanisa mangapi ambako vijana waliambiwa kwamba wanaodai mikutano wanapingana na Warumi 13? Tulichanganya tamko la kiongozi na sheria ya nchi. Ni vitu viwili.

Mchungaji aliyekwenda mahakamani

Hapa sasa nataka niwape mtu wa kwetu: Mchungaji Christopher Mtikila. Wengi humu mlikuwa watoto alipofariki kwa ajali ya gari, Oktoba 2015. Wenye umri mkubwa wanamkumbuka jukwaani. Mimi namfahamu kwenye makabrasha ya kesi, maana ukisoma Sheria ya Katiba hapa nchini humkwepi.

Nisiwadanganye kwamba alikuwa malaika. Jukwaani aliwaita Watanzania wenye asili ya Asia "magabachori", na neno lile liliwaumiza watu ambao hawakuwa na kosa. Hilo tusilirithi. Nataka turithi kile alichokifanya mahakamani.

Mwaka 1993 alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Alilalamikia mambo kadhaa, yakiwemo mawili makubwa: kwamba mwananchi anazuiwa kugombea mpaka awe na chama, na kwamba chama hakiwezi kukutana mpaka kipewe kibali na watawala. Serikali ikaja na hoja ambayo mtaikuta kwenye kila kesi ya namna hii: wewe inakuhusu nini? Umeumia wapi wewe binafsi? Tarehe 24 Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira akatoa hukumu. Akaikubali ibara ya 26 kama ilivyo, kwamba raia anaweza kusimama mahakamani kuilinda Katiba hata kama hakuguswa yeye peke yake. Akasema sharti la kibali linakwenda kinyume na Katiba. Akasema mgombea binafsi anaruhusiwa.

Ile taarifa ya saa 48 tunayopeleka polisi leo badala ya kuomba kibali, ina mizizi yake kwenye kesi ya mchungaji huyo. Ukipeleka barua ya taarifa polisi, kumbuka kuna mtu alisimama kizimbani ili iitwe taarifa na isiitwe ombi.

Suala la mgombea binafsi likawa na safari nyingine. Kabla mwaka 1994 haujaisha, Bunge lilipitisha mabadiliko ya Katiba kuliziba. Mtikila akarudi mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikasema suala hilo ni la Bunge kuamua. Akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, pamoja na taasisi za wanasheria na haki za binadamu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikasema Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika. Hesabuni wenyewe: miaka 20, kutoka Dodoma 1993 mpaka Arusha 2013. Na leo hii bado huwezi kugombea ubunge wala urais bila kupendekezwa na chama.

Kuna ambao mnataka kuniambia, "Dada, sasa alipata nini?" Nitawajibu, msijali. Kwanza mwekeni Mtikila karibu na Paulo wa sura ya 25. Wote wawili wamesimama mbele ya kiti cha hukumu cha mamlaka ileile wanayoilalamikia, wanaitambua, wanaijibu kwa jina lake, halafu wanaiambia ifuate sheria. Huo ndio utii wa Kikristo kwa serikali kama ninavyouelewa mimi. Mtu anayeipeleka serikali mahakamani ameikubali. Asiyeikubali hana sababu ya kupanga foleni masjala kufungua kesi.

Mpaka uko wapi?

Sasa twende kwenye mpaka wenyewe, maana kuna siku kesi haitoshi. Je, kuna wakati Mkristo anatakiwa kukataa kabisa, mahakama imesema isiseme?

Biblia ina mifano, na inafanana. Kutoka sura ya 1, wakunga Shifra na Pua wanaagizwa na Farao kuua watoto wa kiume wa Waebrania. Hawakuua. Danieli sura ya 3, vijana watatu wanaamriwa kuisujudia sanamu. Hawakusujudu. Sura ya 6, inatungwa sheria ya siku thelathini mtu asiombe kwa yeyote isipokuwa mfalme. Danieli akaenda kuomba madirisha yakiwa wazi kama siku zote. Matendo sura ya 5, mitume wanakatazwa kuhubiri kwa jina la Yesu, wanajibu baraza kwamba Mungu ndiye anayepaswa kutiiwa kwanza.

Angalieni yanayofanana. Kila mara walichokikataa ni kuamriwa kutenda dhambi, au kuzuiwa jambo ambalo Mungu ameliagiza. Hakuna hata mmoja aliyekataa kwa sababu amri inamsumbua tu. Halafu, hawakupiga mtu. Na gharama waliibeba wenyewe: tanuru ni lao, simba ni wa Danieli, viboko ni vya mitume. Danieli hakumsukuma mwingine mbele aende kwenye tundu, yeye akabaki nyumbani akirekodi video.

Kwa hiyo nimejitengenezea maswali matatu, na ninyi mnaweza kuyachukua. Kabla hujasema "hii mimi sitii", jiulize. Moja: hii ni sheria, au ni tamko la mtu? Kama ni tamko lisilo na sheria nyuma yake, hujafika hata kwenye suala la kuvunja sheria. Unadai sheria ifuatwe, basi. Mbili: inanitaka nitende uovu, au inanikera tu? Kodi inakera, na Yesu aliposhikishwa ile sarafu hakusema msilipe. Lakini askari akiagizwa kumpiga mtu aliyefungwa pingu, msimamizi wa kituo akiagizwa kubadilisha namba kwenye fomu ya matokeo, hapo si kero. Hapo kuna shahidi wa uongo na kuna damu ya mtu. Mkristo anayeambiwa afanye hayo anatakiwa kukataa hata kama aliyemwagiza ana nyota mabegani. Tatu: niko tayari kulifanya hadharani, bila kumdhuru mtu, na kubeba matokeo mimi mwenyewe?

Majirani zetu Malawi wanatuonyesha hilo swali la tatu linagharimu nini. Kamuzu Banda alikuwa Rais wa maisha tangu 1971, chama kimoja, na kumsema ilikuwa kujitafutia gereza. Jumapili ya tarehe 8 Machi 1992, maaskofu wa Katoliki walitoa waraka wa kichungaji ukasomwa makanisani nchi nzima. Waliandika mambo ya kawaida tu kwa mtu wa leo: shule mbovu, hospitali mbovu, rushwa, watu kuogopa kusema. Waliusaini kwa majina yao. Polisi wakawahoji, waraka ukapigwa marufuku. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana kuwaunga mkono, na mwezi Mei wa mwaka huo watu walipigwa risasi mitaani Blantyre. Lakini kimya kilikuwa kimeshavunjika. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni, na karibu theluthi mbili wakachagua vyama vingi. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi na akaondoka.

Na hata hapa kwetu viongozi wa dini hawajaisoma Warumi 13 kama amri ya kunyamaza. Mwaka 2018 maaskofu wa KKKT walitoa waraka wa Pasaka kuhusu hali ya nchi. Agosti 2023 Baraza la Maaskofu Katoliki lilitoa tamko kupinga mkataba wa bandari. Unaweza kukubaliana nao au kutokukubaliana. Lakini huwezi kusema hawajui Biblia.

Upanga huu una makali huku na huku

Sasa wapambanaji, mmenipigia makofi mpaka hapa. Sijui kama mtaendelea.

Kama Warumi 13 haimruhusu mtawala kufanya anavyotaka, basi haituruhusu na sisi. Mtu akirusha jiwe kwenye gari la polisi, asiniletee Danieli. Danieli hakurusha kitu. Paulo mwenyewe, mwisho wa sura ya 12, kabla hajaanza habari za mamlaka, anakataza kulipiza kisasi na kutaka ubaya ushindwe kwa wema. Alipoandika hakukuwa na sura wala namba za mistari, ilikuwa barua moja. Ukiitaka 13 ya haki, ichukue na 12.

Na matusi. Hili nalisema kwa sababu nasoma mnachoandika mtandaoni, na ninyi mnajua kwamba nasoma. Matendo sura ya 23, Paulo amepigwa kofi la mdomo mbele ya baraza, kinyume cha sheria. Akapandwa na hasira, akamwita aliyeagiza kofi ukuta uliopakwa chokaa. Akaambiwa, huyo ni kuhani mkuu. Mara moja akasema hakujua, akakumbusha kwamba imeandikwa mkuu wa watu asinenewe mabaya. Kofi lilikuwa la uonevu, na bado Paulo alirudi nyuma kwenye tusi. Hakurudi nyuma kwenye hoja. Tukiweza kutenganisha hivyo viwili, tutawasumbua sana. Tusi linampa polisi sababu ya kukukamata, hoja inamlazimisha aitafute.

Na la mwisho kwenye hili ni gumu zaidi. Warumi 13 ya kunyamazisha watu haipo serikalini tu. Nimeshasikia ndani ya vyama vya upinzani, na sitaki kutaja chama, kijana akiuliza mapato na matumizi anaambiwa "heshimu viongozi". Siku tukishika dola, mama wa kijana fulani wa upinzani atamtumia mwanawe ule mstari kwa ajili yetu. Tutautumia vipi? Kama leo kwenye tawi hatuwezi kuulizwa swali na mwanachama mwenye kadi, tusidhani Ikulu itatubadilisha.

Sasa lile swali: Mtikila alipata nini?

Nilisema nitajibu. Ni kweli njia ya sheria ni ndefu, na inazidi kubanwa. Mwaka 2019 Tanzania ilijiondoa kwenye tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Mwaka 2020 Bunge likabadilisha sheria ya kudai haki za msingi, likamtaka anayefungua kesi aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Ni lile swali la mwaka 1993, "wewe inakuhusu nini?", lilirudi likiwa sheria. Kwa hiyo nawaelewa mnaosema dada, umetupa njia ambayo wenyewe wanaifunga.

Jibu langu ni hili. Watu hawahangaiki kuziba njia isiyowasumbua. Pili, zile hukumu zipo. Zinasomwa kila mwaka na wanafunzi wa sheria nchi nzima, na baadhi yao watakuwa majaji. Hukumu ya Lugakingira ina miaka mingi kuliko mimi, na bado mimi nimeisoma na leo nimewasomea ninyi. Tatu, na hili ni kwa wale mnaoamini: Paulo alikata rufaa kwa Kaisari, na mapokeo ya Kanisa yanasema aliuawa Roma, chini ya Kaisari yuleyule. Rufaa haikumwokoa. Lakini hakufa akiwa amekubali uongo, wala hakufa na damu ya mtu mikononi. Hivyo viwili hakuna mtawala aliyeweza kumnyang'anya.

Kwa hiyo Katibu, jibu la swali lako. Mkristo anaruhusiwa kuwa mpinzani, kama anavyoruhusiwa kuwa wa chama tawala au kutokuwa na chama kabisa. Alicholazimishwa ni kulipa kodi yake, kufuata sheria iliyo sheria, kusema kweli na kutokudhuru mtu. Akiamriwa kutenda uovu akatae, tena akatae mchana kweupe. Na akionewa, adai haki yake kwa jina la raia.

Kazi ya nyumbani ni mbili. Kila mmoja akasome Matendo ya Mitume sura ya 16 mpaka 25, hata kama si Mkristo. Ni masimulizi mazuri ya mahakamani. Na kila tawi lipate nakala ya Katiba na lisome ibara ya 8, 12 mpaka 30, na 64. Mkirudi mwezi ujao nitauliza, na sitawauliza viongozi tu.

 Karibuni maswali, hata yale ya kunipinga.